Hilux ya Dizeli Inapiga Stata Lakini Haiwaki: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Wanaoshindwa na tatizo hili karibu wote hukwama mahali pamoja: wananunua kabla ya kupima. Inaanza betri mpya. Zinafuata nozo, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Mwisho pampu ya dizeli inashushwa na kupelekwa mjini kwa fundi wa pampu, inarudishwa, na gari liko vilevile kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kipande cha mpira kisichozidi shubiri. Nimeshalipia kazi ya namna hiyo, pampu ikashushwa bila kuwa na kosa lolote, na ndiyo maana mpangilio wa hatua hapa chini nausimamia: kila hatua inaondoa kundi moja la makosa, na pampu ni ya mwisho kabisa kuguswa.

Usiruke hatua, hata ile unayoiona ya kitoto.

## Gari linalohusika

Mwongozo huu ni wa pikapu za zamani zenye injini ya dizeli ya pampu ya kawaida, hasa Toyota Hilux za injini 2L, 3L na 5L. Injini hizi hazina plagi za cheche. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, hivyo injini inahitaji vitu vitatu tu: izunguke kwa kasi ya kutosha, dizeli safi isiyo na upepo ifike kwenye nozo kwa wakati wake, na chumba cha kuchomea kiwe na joto.

Kama gari lako ni la D-4D, yaani injini za dizeli za Toyota za kisasa zaidi, ishia hapa. Mfumo wake hubeba shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na kulegeza nati za mabomba yake jinsi nitakavyoeleza ni hatari kwa maisha.

## Vifaa vya kuandaa

- Mita ya umeme, au walau taa ya kupimia yenye balbu ya volti 12
- Spana namba 10, 12, 14 na 17 (ya 17 ndiyo ya nati za mabomba ya nozo)
- Bisibisi, plaizi na klipu mpya za mipira
- Mpira wa mafuta usiopungua mita moja, na kipande cha mpira angavu unaoonyesha ndani
- Chupa safi na lita mbili za dizeli kutoka kituo unachokiamini
- Filta mpya ya dizeli, hata kama huna uhakika utaihitaji
- Tambara, miwani ya kukinga macho na tochi
- Mtu wa pili wa kukaa kwenye usukani

Huyo mtu wa pili usimwone wa ziada. Nusu ya makosa huonekana wakati injini inazunguka tu, na huwezi kuwa ndani na nje kwa wakati mmoja.

## Kabla ya kugusa chochote

Weka gia huru, vuta handibreki, zuia tairi kwa mawe.

Stata isipigwe zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo, kisha ipumzike angalau dakika moja. Stata inayolazimishwa huungua, na hapo utakuwa na makosa mawili.

Usipulize dawa ya kuwashia ya kopo kwenye njia ya hewa, wala petroli kwa tambara. Hita plagi (zile zinazopasha joto chumba cha kuchomea) zikiwa na moto, mvuke ule hulipuka kabla ya wakati wake na unaweza kuvunja pistoni. Najua wengi wanaifanya barabarani. Usiifanye.

Na kama gari limepita kwenye maji ya mafuriko kabla ya kuzima, usipige stata tena. Maji hayabanwi. Yakiwa ndani ya silinda, stata itapinda koneksheni rodi. Toa kwanza hita plagi zote, kisha zungusha injini ili maji yatoke kwenye matundu yake.

## Hatua ya 1: Sikiliza stata yenyewe

Pima betri gari likiwa limetulia. Betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza. Mwambie mwenzako apige stata huku mita ikiwa kwenye vichwa vya betri. Ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata inakula umeme kupita kiasi.

Sababu ni hii: injini ya dizeli ikizunguka polepole, hewa inavuja pembeni ya ringi za pistoni kabla ya kupata joto. Stata inaweza kuzungusha injini na bado isiwe na kasi ya kuiwasha. Safisha vichwa vya betri kwa maji ya moto, kaza waya wa ethi unaoshika injini na chasi, kisha jaribu tena.

Sasa sikiliza mlio. Injini nzima hupiga kwa mdundo, inapanda na kushuka kila silinda inapobana. Ukisikia inazunguka laini, nyepesi, kasi kuliko kawaida na bila mdundo wowote, acha stata papo hapo. Huenda taimingi belti (mkanda unaozungusha kemshafti, shafti inayofungua valvu) imekatika.

Hili nimeliweka mwanzoni kwa makusudi. Kwenye injini hizi taimingi belti ndiyo inayozungusha pampu ya dizeli pia. Ikikatika, dizeli haitoki kabisa, na mtu anaweza kushinda kutwa nzima akitoa upepo kwenye pampu isiyozunguka. Fungua kifuniko cha oili juu ya injini, umulike kwa tochi wakati mwenzako anagusa stata kwa sekunde moja. Kemshafti inapaswa kuzunguka. Kama huoni vizuri, fungua kava ya belti mbele.

Belti ikiwa imekatika, usiweke mpya na kupiga stata kwa matumaini. Mara nyingi valvu zimeshapigwa na pistoni, na silinda hedi lazima ikaguliwe kwanza.

Umefaulu ikiwa: injini inazunguka kwa kasi, ina mdundo, na kemshafti inatembea.

## Hatua ya 2: Simama nyuma, uangalie moshi

Hapa ndipo kazi yote inagawanyika, na ndipo karibu kila anayeshindwa hakuwahi kusimama.

Mwambie mwenzako ageuze swichi, asubiri taa ya hita izime, kisha apige stata sekunde 10. Wewe uwe kwenye bomba la moshi.

Hakuna moshi hata kidogo: dizeli haifiki kwenye silinda. Nenda Hatua ya 3 hadi ya 6. Hita plagi ziache kwanza, hazihusiki.

Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli: dizeli inafika lakini haiwaki. Ruka hadi Hatua ya 7. Pampu, filta na mipira visikupotezee muda kwa sasa.

Moshi mweusi: injini inakosa hewa. Toa filta ya hewa kabisa ujaribu bila hiyo kwa muda mfupi.

Ukiona moshi mweupe unaokuja na kukatika, pafu moja kisha kimya, dizeli inafika ikiwa na upepo. Anza na Hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Dizeli ipo, na ni dizeli kweli?

Geji ya tenki kwenye pikapu ya miaka 25 haiaminiki. Fungua kifuniko cha tenki uchomeke kijiti kisafi. Ukifungua na kusikia upepo ukivutwa ndani kwa nguvu, tundu la kupumulia la tenki limeziba. Jaribu kuwasha kifuniko kikiwa wazi.

Kisha fungua skrubu ya chini ya filta ya dizeli na ukinge kwenye chupa safi. Iache itulie dakika tano. Maji hukaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yao unaonekana wazi. Ukikuta maji, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, badilisha filta, na uwe tayari kusafisha tenki. Maji ya kwenye filta yametoka tenkini, na yaliyobaki huko yatakuja.

Kaza skrubu hiyo kwa mkono, na ukague ringi yake ya mpira. Ikikaa vibaya itavuta upepo, na utakuwa umejiongezea kosa jipya.

## Hatua ya 4: Umeme kwenye pampu

Juu ya pampu, karibu na mahali mabomba ya chuma yanapotokea, kuna swichi ya duara yenye waya mmoja. Hiyo ndiyo solenoidi ya kukata mafuta. Ikipata umeme inafungua njia ya dizeli, ikikosa inafunga. Gari unapolizima kwa ufunguo, ndiyo inayolizima. Kwa hiyo waya ukilegea tu, gari limezimwa hata ukipiga stata mpaka jioni.

1. Washa swichi bila kupiga stata. Gusa kichwa cha solenoidi kwa taa ya kupimia, waya wake mwingine ukiwa kwenye ethi. Taa iwake.
2. Mwenzako apige stata. Taa iendelee kuwaka. Kuna swichi za ufunguo zilizochakaa zinazotoa umeme zikiwa zimetulia na kuukata wakati wa stata. Wanaopima mara moja tu hawalioni kosa hili.
3. Chomoa waya na uurudishe swichi ikiwa imewashwa. Unapaswa kusikia "tak" kila unapogusa.

Hakuna umeme? Angalia fyuzi. Kisha ulizia kama mmiliki wa zamani alifunga alamu au swichi ya siri ya kuzuia wezi. Mara nyingi mafundi hukata waya huu wa solenoidi ndipo waifunge, na baada ya miaka kumi maungio yale yameota kutu ndani ya utepe mweusi.

Umeme upo lakini hakuna "tak"? Solenoidi imekufa. Ukiwa mbali na mji, unaweza kuifungua, kutoa kipini na springi yake ndogo, kuviweka mahali salama, na kurudishia ganda lake. Gari litawaka. Lakini jua kwamba halitazimika kwa ufunguo: utalizima kwa kukanyaga breki, kuweka gia kubwa na kuachia klachi taratibu. Ni njia ya kukufikisha nyumbani, basi.

Umefaulu ikiwa: taa inawaka muda wote wa stata na "tak" inasikika.

## Hatua ya 5: Kutoa upepo

Hii ndiyo hatua yenye kesi nyingi kuliko zote, na ndiyo inayofanywa nusunusu.

Hilux hizi hazina pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu ya dizeli huvuta mafuta yenyewe kutoka nyuma mpaka mbele, kama mtu anayekunywa kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu dogo, unavuta hewa. Na kwa kuwa ni upande wa kuvuta, tundu hilo linaweza kuingiza upepo bila kudondosha hata tone. Ndiyo maana mtu huapa kwamba "hakuna panapovuja", na kweli haoni.

Dalili yake unaijua: gari lilikuwa likiwaka vizuri likiwa la moto, asubuhi lilianza kusumbua, kila siku likazidi, mpaka likakataa.

5a. Juu ya filta kuna pampu ya mkono. Ibonyeze. Kama ni laini, haigomi hata baada ya kubonyeza mara 30, kuna upepo au hakuna dizeli. Kama inatoa unyevu wa dizeli pembeni, diafram yake imechanika, na hapo penyewe ndipo upepo unapoingia. Badilisha kichwa chote.

5b. Legeza mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu. Kinga tambara. Bonyeza pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu. Rudisha mpira, funga klipu, endelea kubonyeza mpaka mkono uhisi ugumu. Ugumu ule ndio ushahidi kwamba mafuta yamejaa.

5c. Vaa miwani. Legeza nati za namba 17 kwenye nozo zote nne, mzunguko mmoja tu, usizitoe. Mwenzako akanyage pedali ya mafuta mpaka chini na apige stata. Mwanzoni utaona povu, kisha dizeli itaruka kwa midundo. Kaza moja baada ya nyingine. Injini ikianza kuunguruma kwa silinda mbili, usiogope, kaza zilizobaki.

Usiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayoruka. Dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi bila kuuma sana, kisha huozesha nyama ndani. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano.

5d. Gari limewaka, lakini asubuhi limegoma tena? Hukutibu, ulituliza. Weka kipande cha mpira angavu kati ya filta na pampu, ulaze gari usiku, uangalie asubuhi. Vipovu vikionekana, upepo unaingia kabla ya hapo. Kagua kwanza mpira unaounganisha bomba la chasi na injini. Injini inatikisika, chasi imetulia, na mpira huo ndio unaopindapinda kila siku mpaka unapasuka mahali ambapo klipu imeushika. Ukate mwisho wake uone ndani. Usiutazame kwa juu tu. Kisha mipira ya juu ya tenki, halafu ringi ya filta.

Ukifungua bolti zenye tundu zinazoshika mipira kwenye pampu, usizichanganye. Ile ya kurudisha mafuta imeandikwa OUT na ina tundu dogo sana ndani. Ikiwekwa mahali pa nyingine, shinikizo ndani ya pampu huharibika na utatafuta kosa ambalo hukuja nalo.

Umefaulu ikiwa: pampu ya mkono ni ngumu, dizeli inaruka kwenye nozo zote nne, na moshi unaonekana nyuma.

## Hatua ya 6: Kipimo cha chupa

Kama bado hakuna dizeli, usibahatishe. Jaza chupa dizeli safi na uining'inize ndani ya boneti juu zaidi ya pampu, mbali na eksozi.

Kwanza chomoa mpira unaoingia kwenye filta, uunganishe filta na chupa. Toa upepo, piga stata. Likiwaka, kosa liko kati ya tenki na filta: mpira, bomba lililotoboka kwa kutu, au chujio la ndani ya tenki lililoziba.

Lisipowaka, ruka filta kabisa: unganisha chupa moja kwa moja na mdomo wa pampu. Likiwaka sasa, kosa ni filta au pampu yake ya mkono.

Likikataa mara zote mbili, na Hatua ya 1 na ya 4 ulizifaulu kwa haki, hapo ndipo pampu inapostahili kutuhumiwa. Kabla haijashushwa, hakikisha fundi anaweka alama ya mstari kwenye pampu na kwenye kitako chake. Ikirudishwa bila alama hiyo, muda wa kusukuma mafuta utabadilika.

## Hatua ya 7: Hita plagi

Umefika hapa kwa sababu ya moshi mweupe. Kwenye baridi ya Njombe au Makete mwezi Juni na Julai, hita plagi mbili zikifa gari halikuelewi kabisa. Dar es Salaam gari hilohilo linaweza kuwaka kwa shida kidogo, na mwenye nalo asijue zimekufa mpaka siku aliyopanda milima.

Washa swichi, pima umeme kwenye kile kipande cha chuma kinachounganisha hita plagi zote nne. Hakuna umeme: angalia fyuzi yake kubwa, kisha rilei.

Umeme upo: zima swichi, toa kipande hicho, upime kila plagi peke yake. Unganisha waya mmoja wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, ncha nyingine uiguse kwenye kichwa cha plagi. Plagi nzima inawasha taa. Isiyowasha imekufa.

Ukinunua mpya, nenda na ya zamani mkononi na usome volti iliyoandikwa. Si zote ni za volti 12. Baadhi ya mifumo hutumia za volti ndogo zaidi, na zikifungwa kwenye gari lisilo lake zinaungua siku ileile.

Kama gari lako lilifungiwa kitufe cha kubonyeza, usikishikilie zaidi ya sekunde 10. Ncha ya plagi ikiyeyuka inaweza kudondokea kwenye silinda.

Umefaulu ikiwa: plagi zote nne zinawasha taa, na moshi mweupe unaondoka sekunde chache baada ya injini kuwaka.

## Hatua ya 8: Taimingi na kompresheni

Plagi nzima, moshi mweupe bado upo. Yamebaki mawili.

Taimingi belti inaweza kuwa imeruka jino. Fungua kava, zungusha injini kwa spana kwenye krenki (shafti kuu ya injini), na ulinganishe alama zote: krenki, kemshafti na pampu. Jino moja tu linatosha kukataza gari kuwaka. Hata kama alama ziko sawa, belti iliyopita kilomita 100,000 ibadilishwe.

La mwisho ni kompresheni. Tumia geji ya dizeli. Ya petroli inaweza kuharibika. Injini nzima husoma karibu psi 450, na ikishuka chini ya 280 imechoka. Linganisha silinda zote: moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, shuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Zote zikiwa chini, ni ringi za pistoni, na hapo injini inafunguliwa.

## Likishawaka

Liache liungurume dakika 15 bila kulikanyaga. Pitisha tambara kavu kwenye nati zote ulizozigusa, kisha ulitazame: doa la unyevu linaonyesha panapotaka kukazwa.

Zima. Subiri nusu saa. Washa tena. Kisha lilaze, na asubuhi kabla ya kugeuza ufunguo bonyeza pampu ya mkono mara moja. Ikiwa ngumu kama ulivyoiacha jana, kazi imekamilika. Ikiwa imelainika, rudi 5d ukiwa na mpira mpya mkononi.